Mgomo wa Mishumaa

Wasikilizaji, Jumapili iliyopita niliwapigia kipande kirefu kisicho na neno hata moja, na simu ya studio haikupumzika. Wengine walidhani mitambo imeharibika. Wengine walisema usingizi uliwabeba, nami sikuwalaumu, maana Jumapili baada ya chakula usingizi ni haki ya mtu. Ila ujumbe ulionikaa kichwani ulitoka Katelembo, hapo kando ya mji wa Machakos. Mama mmoja aliandika: "Mtangazaji, mimi nimengoja. Huyo mwimbaji anaanza saa ngapi?"

Mwaitu, nakujibu leo hewani. Mwimbaji haanzi. Hakuwekwa. Aliyetunga alikaa chini na kalamu yake akaamua kwamba jambo hili litasemwa na fidla, na zumari, na baragumu, basi.

Na swali lako lina haki yake, kwa sababu sisi tumelelewa na maneno. Kwaya ikishuka jukwaani, watu wanazungumzia ujumbe. Msanii akija studio, swali la kwanza analoulizwa ni wimbo wake unabeba ujumbe gani, na mimi mwenyewe nimeliuliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Katika tamasha la muziki la shule, hili la kitaifa lililoanza mwaka 1927, wazazi hujaa ukumbini kusikiliza kwaya na mashairi, kisha zikifika zamu za watoto wa fidla na piano wanatoka nje kununua soda.

Lakini hebu tujitazame vizuri. Sisi watu wa Ukambani tumekulia benga. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys: santuri hizo zilipigwa madukani na kwenye mabasi mpaka zikakwaruzika. Sasa kumbuka kinachotokea ubeti ukiisha. Waimbaji wanakaa kando, gitaa la solo linashika uwanja. Hapo ndipo viti husogezwa na vumbi kuanza kutimka. Hakuna anayeinua mkono kuuliza gitaa limesema nini. Ukitega sikio utasikia solo ikiichukua sauti ile ile aliyoimba mtu, ikairudia, ikaigeuza kidogo, gitaa la pili likaijibu kwa chini, besi nayo inatembea zake. Mzee wa miaka 70 aliyeketi kwenye kiti cha kukunja anafuata yote hayo kwa kidole gotini, bila mwalimu. Huko ndiko kusikiliza muziki wa ala. Sikio mnalo tayari.

Na bado kuna hili: kila Jumamosi maharusi wanaingia au wanatoka kanisani kwa mlio wa kinanda, na mara nyingi ule mlio wa kutokea ni wa Felix Mendelssohn, Mjerumani, aliyeutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Ni mchezo wa vichekesho ambamo wapendanao wanapotezana msituni na malkia anampenda mtu mwenye kichwa cha punda. Maharusi wetu hawajui hayo, na heri wasijue siku hiyo. Wanachojua ni kwamba ule mlio ukianza, mambo yametimia. Hakuna neno lililoimbwa, na mama mzazi analia.

Basi kama sikio lipo, kwa nini muziki huu tuliuona si wetu? Nadhani ni kwa sababu waliouleta waliuleta pamoja na ua wake. Chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire, kilianzishwa mwaka 1944, miaka ambayo Mwafrika mjini alikuwa angali anatembea na kipande. Fidla ilikaa upande ule wa ua, pamoja na vilabu na vikombe vya chai vyenye mikono myembamba, nasi tukaamini kwamba muziki wenyewe umezaliwa bwana. Ndiyo sababu leo sitaki kuwarushia majina kumi ya watunzi kama mtu anayeita rejista. Nataka tumchukue mmoja, tumjue kwao, tujue mwajiri wake alikuwa nani na mshahara ulimfunga vipi. Mkimaliza mtaamua wenyewe kama huyu alikuwa bwana.

Anaitwa Joseph Haydn. Tamkeni Haidn, na y yake isiwasumbue. Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, mashariki mwa Austria, karibu na mpaka wa Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Mama yake, kabla ya kuolewa, alikuwa mpishi katika nyumba ya mtemi wa pale. Huyo baba hakujua kusoma nota hata moja, lakini jioni alishika kinubi chake na kupiga kwa kusikia, watoto wakiimba. Mtoto huyu akaonekana ana sauti, na alipokuwa na umri wa miaka sita hivi jamaa mmoja mwalimu akamchukua mji wa pili akasome. Baadaye akapelekwa Vienna kuimba katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano.

Aliimba mpaka sauti ikavunjika. Mnajua mambo ya ubalehe. Kijana wa kwaya akianza kukwaruza, kwaya haina kazi naye tena, na Haydn alitolewa mlangoni akiwa na miaka kama 17, bila akiba. Akapanga chumba cha darini, akafundisha watoto wa watu muziki, akapiga fidla mitaani na kwenye sherehe. Kwa mtunzi mmoja Mwitalia, Porpora, akafanya kazi za utumishi wa nyumbani na kumpigia kinanda akifundisha waimbaji, ili naye apate kufundishwa kutunga. Kijana yeyote aliyewahi kufagia karakana ya mtu Machakos ili aonyeshwe kazi ya uchomeleaji anamwelewa Haydn bila mkalimani.

Mwaka 1761 akapata ajira ya kudumu katika ukoo wa Esterházy, matajiri wa Hungaria waliokuwa na ardhi kushinda wafalme fulani. Mkataba wake upo mpaka leo na unasomeka. Unamtaka avae sare ya nyumba ile, soksi nyeupe na nywele zilizopakwa poda. Unamtaka aje kila siku, kabla ya mchana na baada ya mchana, asimame chumba cha nje angoje kuambiwa kama mkubwa anataka muziki. Anachotunga ni mali ya mkubwa. Hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine nakala. Na ugomvi wowote kati ya wanamuziki, yeye ndiye wa kuusuluhisha. Alikuwa msimamizi wa kazi, kwa maneno mengine, yule anayebanwa na walio juu na kulaumiwa na walio chini.

Alitumikia hivyo kwa karibu miaka 30. Mwajiri wake wa muda mrefu, Nikolaus Esterházy, alipenda muziki kwa dhati, hilo tumpe. Alikuwa na ala yake aipendayo, inaitwa baritoni, yenye nyuzi za kupigwa kwa upinde na nyingine nyuma za kudonolewa kwa kidole gumba. Leo ni watu wachache duniani wanaoipiga. Haydn aliitungia vipande zaidi ya 120 kwa sababu bosi alitaka kitu cha kupiga baada ya chakula cha jioni. Kwa maoni yangu vingi ni kazi ya mshahara, havinishiki. Lakini mtu anayetunga 120 kwa amri hujifunza kazi yake mpaka kwenye mfupa.

Sasa tufike mwaka 1772, ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Nikolaus alikuwa amejijengea kasri jipya kwenye ardhi ya kinamasi huko Hungaria, Eszterháza. Alilipenda kupita kiasi. Kila mwaka alihamia huko na okestra yake yote, na kila mwaka alichelewa zaidi kurudi. Wanamuziki walipewa jengo lao, vyumba vichache, watu wakabanana. Kwa sababu ya kubanana huko ikatolewa amri: wake na watoto wa wanamuziki wasije, hata kwa siku moja. Waliosamehewa walikuwa wachache sana, na Haydn akiwa mmoja wao. Familia zilibaki mjini Eisenstadt, umbali usiozidi ule wa kutoka Machakos hadi Nairobi. Kwa farasi na matope ilikuwa safari ya siku nzima.

Nikisema hivi najua nasema na nani. Katika nyumba ngapi hapo Katelembo mzee alifanya kazi Nairobi, au Mombasa bandarini, au kwenye reli, akalala kwenye chumba kimoja na wanaume wanne, akaja nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine asije? Watoto wakamzoea kama mgeni anayeleta mkate. Hali hiyo hamhitaji kuelezwa na mtu wa redio.

Majira ya joto yakapita mwaka ule, Oktoba ikaingia, baridi ikaanza, na mkubwa hana habari ya kuondoka. Watu wakamwendea Haydn. Yeye angeweza kunyamaza: mke wake alikuwa na ruhusa ya kukaa naye, na kusema kweli ndoa ile haikuwa na raha. Haydn alikuwa amempenda mdogo wa mke huyo, binti akaingia utawani, naye akaishia kumwoa dada mkubwa. Kwa hiyo baridi ya Eszterháza haikumnyima kitu. Bado alichukua kalamu kwa ajili ya wenzake. Barua ya malalamiko ingeweza kumfukuzisha mtu kazi. Akaandika simfoni.

Simfoni, kwa asiyejua, ni utunzi mkubwa wa okestra, kwa kawaida wenye sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kidogo. Msipige makofi hapo, ingawa mkipiga hamtakamatwa. Hii ni namba 45, na kuipiga yote huchukua nusu saa kasoro. Haydn aliichagulia ufunguo mgumu, usiozoeleka kabisa kwa okestra za siku zile, hata ikabidi vipande maalumu vya mabaragumu viagizwe kwa fundi wa Vienna ili yaweze kuufikia. Kwa hiyo hakuwa akibahatisha. Alijiandaa kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani.

Sehemu ya kwanza ina hasira, mtaisikia katika fidla zinazoshuka kwa hatua kali huku nyingine chini yake zikitetemeka. Sehemu ya nne inaanza mbio, kwa hasira ile ile. Fundi mitambo, tupe hapo.

Mmesikia? Mbio, mbio, halafu ghafla imesimama mlangoni. Kila msikilizaji wa wakati ule aliamini kwamba ikirudi itamalizia kwa kishindo, maana ndivyo simfoni zilivyoisha. Badala yake inaanza ngoma ya taratibu, ya upole, kama mtu aliyebadili mawazo katikati ya ugomvi. Na hapa kwenye nota Haydn ameweka jambo ambalo redio haiwezi kuwaonyesha, kwa hiyo niazimeni macho yenu. Kila mwanamuziki ana mshumaa kwenye meza yake ya nota. Mpiga obo wa kwanza na baragumu wa pili wanapiga kifungu chao cha mwisho, wanazima mishumaa, wanachukua ala, wanatoka. Anafuata mpiga basuni. Kisha obo wa pili na baragumu wa kwanza. Besi kubwa inapewa kifungu chake kizima, jambo la nadra kwa besi, halafu mwenyewe anaibeba anaondoka nayo. Selo zinatoka. Fidla nyingi zinatoka. Viola nayo. Ukumbi unazidi kuwa giza na muziki unazidi kuwa mwembamba, mpaka wanabaki watu wawili tu wa fidla, wamefunika nyuzi zao zisipige kelele. Haydn alikuwa mmoja wa hao wawili. Wakamaliza, wakazima, wakatoka.

Sasa sikilizeni bila mimi kuongea. Anayetaka ahesabu sauti zinavyopungua.

Asanteni kwa kuvumilia. Kisa hiki Haydn alikisimulia mwenyewe uzeeni kwa watu waliokuwa wakiandika maisha yake. Mkubwa alielewa. Alisema kwamba kama wote wanaondoka, basi nasi tuondoke, na amri ya kufunga mizigo ikatolewa. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyekatwa mshahara. Nimewahi kuripoti migomo mingi katika nchi hii, ya walimu, ya madaktari, ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na sijaona wenye matokeo ya haraka hivyo. Haki isemwe: mwajiri mwenyewe alikuwa na sikio, na hilo haliandikwi kwenye mkataba wowote.

Na jiulizeni: kama Haydn angeweka maneno, je, ingewezekana? Mwimbaji akisimama mbele ya mkubwa na kuimba kwamba tumechoka, tunataka wake zetu, huo ni utovu wa nidhamu, na kesho yake yuko barabarani na fidla yake mkononi. Fidla mbili haziwezi kushtakiwa kwa lolote. Hazikusema kitu, na kila mtu ukumbini alijua zilichosema.

Mtu aliye na watoto nyumbani nampendekezea kipande kingine cha Haydn, chepesi zaidi: sehemu ya pili ya simfoni namba 94. Ilipigwa London mwaka 1792. Kufikia wakati huo Nikolaus alikuwa amefariki na Haydn, mwenye umri wa karibu miaka 60, alikuwa amevuka bahari kwa mara ya kwanza maishani kwenda kupiga muziki mbele ya watu wanaolipa tiketi. Sauti yenyewe ni rahisi kama ya watoto, inapigwa kwa upole, inarudiwa kwa sauti ya chini zaidi hata mnaanza kusinzia, halafu okestra nzima na ngoma zinapiga pigo moja la radi. Mtoto ataruka. Ataomba irudiwe. Akirudiwa atacheka kabla ya pigo kufika, na hapo tayari amejua siri ya muziki huu wote, yaani kukumbuka kilichopita na kungoja kinachokuja. Wenzetu wa Zanzibar wanaijua siri hiyo zamani kwa njia yao. Onyesho la taarabu la jadi, kama la Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashrafu. Ni muziki wa ala tupu, na ndani yake mna kifungu kinachorudi baada ya kila mzunguko. Wasikilizaji wanakingoja. Kikifika, vichwa vinatikisika.

Nikiwa kwenye habari za watoto, kuna malalamiko mengine ninayopokea, ya ile filimbi ya plastiki ya mtaala mpya, rekoda. Mzazi amenunua sare, amenunua vitabu, sasa anaambiwa anunue filimbi, na jioni nzima mtoto anapuliza nota tatu zile zile. Nawapa pole. Lakini mjue kwamba kifaa hicho si kichezeo. Bach, Mjerumani mwingine, alikitumia katika tungo zake za Brandenburg za mwaka 1721, bega kwa bega na fidla. Vivaldi wa Venice aliandikia filimbi ndogo ya aina hiyo muziki wa kasi ambao hata leo unawatoa jasho mabingwa. Na yule Vivaldi, padri mwenye nywele nyekundu, aliajiriwa mwaka 1703 kufundisha fidla katika nyumba ya kulelea watoto waliotupwa na wazazi, Pietà. Muziki wake mwingi ulipigwa kwa mara ya kwanza na wasichana wale. Wageni walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwasikiliza mabinti ambao hawakujua hata majina ya baba zao.

Hapa kwetu jambo linalofanana na hilo lipo Korogocho, jirani na jalala la Dandora. Elizabeth Njoroge alianzisha pale Ghetto Classics mwaka 2008, katika uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Watoto wa mtaa ule wanapiga fidla, selo, klarineti na tarumbeta. Ukiwasikiliza hutahitaji mtu akueleze kama muziki huu ni wa nani. Kwa mzazi wa rekoda nina shauri moja la vitendo: ile kelele ya kukata masikio inatokana na kupuliza kwa nguvu. Mwambie mtoto apulize kama anayepoza uji, mkono wa kushoto uwe juu, na matundu yafunikwe sawasawa kwa nyama ya kidole. Utapata amani kabla ya kulala.

Turudi kwa mzee wetu. Akiwa London Haydn alisikia Waingereza wakiimba wimbo wao wa kumwombea mfalme, na alipenda jinsi watu wote walivyosimama pamoja. Aliporudi Vienna akaitungia Austria wimbo wa namna hiyo, ukaimbwa siku ya kuzaliwa kwa mfalme, tarehe 12 Februari 1797. Mwaka huo huo akaichukua sauti ile ile, akavua maneno yote, akawapa watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Utunzi wa wanne hao huitwa kwateti, nao nauona ndio mlango bora wa kuingilia muziki huu, kwa sababu kila mtu anasikika peke yake na hakuna pa kujificha.

Mnaifahamu sauti hii hata kama hamjijui. Kwenye mashindano ya riadha, Mjerumani akipata dhahabu, ndiyo hiyo inayopigwa bendera ikipanda. Makanisa yanayotumia vitabu vya nyimbo vya Kiingereza yanaiimba pia kwa maneno ya dini. Maneno yamekuja na kuondoka juu yake: ya mfalme, ya kanisa, ya jamhuri. Yenyewe haijabadilika.

Katika kwateti, fidla ya kwanza inaieleza sauti mara moja kwa utulivu. Baada ya hapo inakwenda kama zamu za chama. Fidla ya pili inaipokea, na ile ya kwanza, badala ya kupumzika, inarukaruka juu yake kwa madoido. Kisha zamu ya selo, chini kabisa, kama mzee wa nyumba. Kisha viola, ambayo katika maisha ya kawaida haipewi nafasi ya kusema, na wengine wanasogea taratibu wakiipisha. Mwisho inarudi kwa fidla ya kwanza, safari hii ikipanda juu sana. Sauti haiguswi hata nukta; kinachobadilika ni wanaoizunguka. Msiisikilize kwa spika ya simu, maana spika ndogo inameza selo yote nanyi mtadhani wapigaji ni watatu. Tafuteni visikizi, au redio yenye spika ya ukubwa wa kiganja cha mkono. Na msisikilize mambo ishirini. Chukueni hicho kimoja wiki nzima, mkichambua maharagwe, mkipika muthokoi, mpaka muweze kukipiga mluzi.

Mei 1809, Vienna ikiwa imetekwa na majeshi ya Ufaransa, Haydn mgonjwa alibebwa mpaka kwenye kinanda chake akaupiga wimbo ule mara tatu mfululizo. Siku chache baadaye, tarehe 31, akafariki. Alikuwa na miaka 77.

Nikifika hapa huwa nawaza juu ya wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ni ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, ambalo mama anamwimbia mtoto alale. Mwaka 1963 tume ya watu watano, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakaliweka katika hali tunayoijua. Bendi ya polisi ikaipiga, tukasimama wima, na toka hapo tumekuwa tukisimama wima. Mimi natamani kuisikia ikiwa imekaa chini: watu wanne, fidla mbili, viola na selo, zamu kwa zamu, irudi polepole kitandani kwa mtoto ilikotoka. Kama kuna mwalimu wa muziki Machakos anayenisikiliza, kalamu ninazo hapa studio.

Na asiniambie kwamba haiwezekani, kwa sababu jirani yetu ameshafanya kazi ya aina hiyo. Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1951, alikua na ngoma na nyimbo za kwao Buganda, akasomea utunzi, akafundisha Makerere. Aliandika kwateti aliyoipa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba. Mwaka 1992 Kronos Quartet wa San Francisco waliweka sehemu yake ya kwanza kwenye albamu yao ya watunzi wa Afrika, Pieces of Africa, ambayo ilipanda kileleni mwa chati za Marekani. Ala ni zile zile za Haydn, nne. Mahadhi ni ya Kampala. Hakuna aliyeazima koti la mwingine.

Muda tuliobaki nao unaitosha. Mkiisikiliza, msifuate fidla ya kwanza, maana itawavuta kama kawaida yake. Shikeni ile inayodonoa kwa chini na msiiachie, mwone wenzake wanavyoingia juu yake kila mmoja kwa mguu wake. Baada ya taarifa ya habari nitasoma ujumbe wenu, hata wa waliolala. Fundi mitambo, weka.